Asiyekuwapo na Lake Halipo: Nani Ana Sauti katika Programu Huria?

Kila maji yanapokuwa mafu, akina mama wa ushirika mmoja wa mwani katika Wilaya ya Micheweni, kisiwani Pemba, huja darasani kwangu. Wakati wa bamvua hawana nafasi, kwani bahari inapokupwa mbali ndipo wanapofunga mbegu kwenye kamba, kuvuna mwani uliokomaa na kurekebisha vigingi, na hakuna anayeweza kuiacha kazi hiyo kwa ajili ya kompyuta. Kwa hivyo ratiba yangu ya kufundisha huufuata mwezi wa mbinguni, nami nimekwisha kuizoea. Tunatumia kompyuta nne za zamani zenye mfumo huria, yaani ule ambao msimbo wake, maagizo yaliyoandikwa ya kuiendesha kompyuta, uko wazi kwa kila mtu, na kazi kubwa tunayoifanya ni hesabu za mauzo: jina la mkulima, kilo alizoleta, bei ya siku hiyo, alicholipwa na anachodai.

Siku moja, baada ya mimi kuzisasisha mashine zile usiku uliotangulia, katibu wa ushirika alikaa mbele ya kioo, akakitazama kwa muda, kisha akaniita bila ya kugeuza shingo. "Maalim, hii leo inasema Kizungu." Nikasogea. Orodha yote ya juu, ambayo tangu aanze kujifunza aliijua kwa Kiswahili, ilikuwa imegeuka Kiingereza. Nikadhani ni mpangilio tu uliovurugika, nikaenda mahali pa kuchagulia lugha. Kiswahili hakikuwamo tena. "Nani kaamua?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta.

Jina la programu yenyewe sitalitaja, kwa sababu jambo lililotupata hutokea katika miradi mingi na si la mradi ule peke yake. Mimi na wenzangu wachache, wengine wa Unguja na wengine wa Bara, ndio tulioitafsiri. Hatukulipwa na hatukuomba kulipwa; kutoa ni moyo. Kumbe wasimamizi wa mradi walikuwa wamepitisha kanuni kwamba lugha ambayo haijafikia robo tatu ya maneno yote haitatolewa pamoja na toleo jipya. Toleo lile lilikuja na madirisha mapya na mamia ya sentensi mpya, na hapo tukaanguka chini ya kiwango. Kazi yetu haikupungua hata neno moja. Kilichokua ni kile inachopimwa nacho.

Niliyatafuta majadiliano yaliyotangulia uamuzi ule nikayasoma yote. Yalikwenda kwa siku kadhaa, kwa adabu na kwa hoja, baina ya watu wasiozidi kumi, wote waandishi wa msimbo. Hakuna aliyezuiwa kusema. Sisi hatukusema kwa sababu hatukujua kwamba kuna jambo linalosemwa. Nikawaandikia barua ndefu, nami nikajibiwa kwa heshima: kwamba uamuzi ni wa wale wanaobeba kazi ya kuunda na kutoa programu, kwamba tafsiri ya nusu humchanganya mtumiaji, kwamba tunakaribishwa kuikamilisha, na kwamba, kwa kuwa msimbo ni huria, tukitaka tunaweza kuuchukua na kutengeneza toleo letu wenyewe.

Jibu lile limekaa nami muda mrefu kwa sababu kila kipande chake ni cha kweli. Tafsiri ya nusu humchanganya mtu kweli; nimemwona mwanafunzi wangu akiulizwa swali kwa Kiingereza na kupewa vitufe vya "Ndiyo" na "Hapana" kwa Kiswahili, akabonyeza "Ndiyo" kwa kuwa ndilo neno alilolijua, na hesabu za mwezi mzima zikafutika. Ni kweli pia kwamba leseni inatupa ruhusa ya kuuchukua msimbo. Richard Stallman, aliyeanzisha Free Software Foundation, taasisi ya kutetea programu huria, mwaka 1985, na wenzake waliyaeleza mambo hayo kama uhuru wa aina nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala zake, na kuwagawia wengine nakala ulizozibadilisha wewe. Nimezisoma aya hizo mara nyingi, nami ninaziheshimu sana, kwani bila ya hizo kompyuta nne zile zisingekuwapo darasani kwangu. Lakini miongoni mwa aina hizo nne hamna uhuru wa kuulizwa. Mwenye programu huria anakupa ruhusa ya kuondoka na mali yote, ila hakuahidi kwamba utakapobaki utasikilizwa, na watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tuliyachanganya mambo hayo mawili tukadhani ni kitu kimoja.

Kuondoka nako kuna wenyewe. Mfano unaotajwa sana ni ule wa OpenOffice.org, programu ya ofisi ambayo kampuni ya Sun iliufungua msimbo wake mwaka 2000. Sisi Waswahili tulikuwa na sehemu yetu humo, kwani mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice. Mwanzoni mwa mwaka 2010 kampuni ya Oracle wakainunua Sun, na waliokuwa wakiichangia programu ile wakaanza kuhofia kwamba mmiliki mpya ataamua peke yake. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo kundi kubwa likatangaza kuanzisha The Document Foundation na kuendelea na msimbo uleule kwa jina la LibreOffice. Mwaka uliofuata Oracle wakaikabidhi OpenOffice kwa Apache, taasisi inayosimamia miradi ya programu huria, lakini wajenzi wengi walikuwa wameshahama, na leo ukiweka karibu mfumo wowote wa Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, utakaoikuta ni LibreOffice. Kisa hiki husimuliwa kuonesha kwamba mlango wa kuondoka unatosha kuwatia adabu wenye nguvu. Mimi nikisoma naona zaidi ni akina nani waliotoka: waandishi wa msimbo waliobobea, nyuma yao zikiwamo kampuni za Novell, Red Hat na Canonical. Walikuwa na chombo, tanga na mabaharia. Katibu wangu wa ushirika akiambiwa achukue msimbo aende zake, ataupeleka wapi?

Kwa hiyo nilianza kuichunguza miradi iliyojaribu kulijibu kwa maandishi swali la nani anaamua. Uliokwenda mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Debian, mradi wa mfumo mmoja wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Mwaka 1997 waliandika mkataba wao na jamii, ambao unatamka kwamba wanaowatanguliza ni watumiaji wao na programu huria, na mwaka 1998 wakapitisha katiba kamili yenye kiongozi anayechaguliwa kila mwaka, kamati ya ufundi na utaratibu wa kura ya wanachama wote. Hata hivyo, mtumiaji anayetangulizwa katika mkataba hana kura katika katiba. Wapigao kura ni wanachama waliopokewa rasmi katika mradi. Nilikereka nilipoligundua hilo. Kisha nikakuta kwamba mwaka 2010 wanachama walipiga kura ya kuwakaribisha kuwa wanachama kamili, wenye haki ya kuchagua, hata watu wasioandaa vifurushi vya programu, kama vile wafasiri na waandishi wa miongozo. Miaka kumi na saba baada ya kuanzishwa mradi, mfasiri akawa mtu wa kuhesabiwa, na kwangu mimi hakuna uamuzi wao mwingine wenye thamani kuliko huo.

Katiba haikuwaepusha na ugomvi. Mwaka 2014 walibishana juu ya systemd, programu inayoziamsha programu nyingine zote mashine inapowashwa. Suala lilifikishwa kwenye kamati ya ufundi ya watu wanane, wakagawanyika nusu kwa nusu, na mwenyekiti Bdale Garbee akaamua kwa kura yake ya kuvunja sare. Kelele hazikwisha hapo. Ilipigwa kura ya wanachama wote mwezi Novemba, baadhi ya wajumbe wa kamati wakajiuzulu nafasi zao, na kundi lililokataa likatangaza kujitenga na kuunda Devuan, ambayo toleo lake la kwanza lililo thabiti lilitoka mwaka 2017. Watumiaji walioathirika walikuwa wengi mno kuliko wote waliopiga kura. Pamoja na hayo sioni kwamba Debian walishindwa. Aliyeshindwa alijua ameshindwa na nani, kwa kanuni ipi na siku gani. Katika barua nilizoandikiana na mradi wetu sikuweza kulijua hata moja kati ya hayo matatu.

Kwa upande wa pili iko miradi inayoongozwa na mtu mmoja. Guido van Rossum aliiongoza Python, lugha ya kuandikia programu, hivyo tangu alipoibuni hadi Julai 2018, alipojiuzulu baada ya mvutano mkali juu ya alama moja tu ya kuandikia msimbo, akisema amechoka kupigania maamuzi yanayochukiwa na watu wengi. Tangu mwaka 2019 Python ina baraza la watu watano linalochaguliwa. Huyo alijua wakati wa kushuka jukwaani. Kisa cha WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ni kizito zaidi, kwa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia zinaendeshwa kwa programu hiyo. Septemba 2024 Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wake na mkuu wa kampuni ya Automattic, aliingia katika mgogoro na WP Engine, kampuni inayowahifadhia watu tovuti zao. Seva za WordPress.org, yaani kompyuta ambazo tovuti ulimwenguni kote huchukulia masasisho na programu-jalizi (nyongeza ndogo za kuipa tovuti uwezo zaidi), zikafungwa kwa WP Engine, na wateja wao wakajikuta hawawezi kusasisha. Oktoba ukurasa wa programu-jalizi maarufu iliyokuwa chini ya WP Engine ukatwaliwa na kupewa jina jingine. Mahakama ya shirikisho huko California ikatoa amri ya muda mwezi Desemba kwamba mambo yarejeshwe yalivyokuwa.

Msimbo wa WordPress ulikuwa huria siku zote hizo. Hakuna aliyenyimwa hata mstari mmoja. Kilichofungwa ni mlango ambao msimbo huo hupitia kumfikia mtu. Jambo hili sisi watu wa kisiwani tunalijua bila ya kufundishwa: mchele unaweza kuwa wako na umeulipia, lakini ukiwa bado upo kwenye meli, anayeamua utakula lini ni mwenye gati. Hata Kiswahili chetu hakikufutwa. Kila neno tulilolitafsiri bado lilikuwamo katika hazina ya msimbo, halikupakiwa tu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika malalamiko tu, kwamba watumiaji hawasikilizwi nao wasikilizwe. Lakini yaliyotokea katika mradi wa xz yamenifanya nifikiri upya. Ni programu ndogo ya kushindilia mafaili, iliyomo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2022 walianza kujitokeza watu wasiojulikana, wakijifanya watumiaji wa kawaida, wakimlaumu kwamba anachelewa, kwamba haijali programu, kwamba awapishe wengine. Akawajibu wazi kwamba hii ni kazi isiyolipwa na kwamba afya yake imempunguzia uwezo. Lawama hazikukoma. Palikuwapo na mchangiaji mmoja mpole aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa akileta kazi nzuri kwa subira, na hatimaye akapewa mamlaka. Mwanzoni mwa mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Aliyeligundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida, akaamua kutafuta sababu, na mwishoni mwa Machi akautahadharisha ulimwengu.

Niliposoma maneno aliyoandikiwa Collin nilirudi kuisoma tena barua yangu. Sikuwa na nia mbaya hata chembe, lakini zilikuwamo sentensi mbili ambazo mtu aliyechoka, akizisoma saa sita za usiku baada ya kazi ya mshahara, asingeweza kuzitofautisha na zile. Nilikuwa nimeandika "ninyi hamjali". Nilikuwa nimedai jibu ndani ya wiki. Upo msemo kwamba avumaye baharini ni papa kumbe wengi wapo, nami nilikuwa nikiutumia kuwatetea wafasiri na watumiaji wasioonekana. Sikuwa nimefikiri kwamba watunzaji wa programu nao, wengi wao, ni katika hao wasiovuma. Sauti ya mtumiaji isiyo na kazi wala jina nyuma yake inaweza kuwa haki, inaweza pia kuwa rungu, na anayeipokea hana njia ya kujua ni ipi. Niliandika barua ya pili, fupi, ya kuomba radhi kwa yale maneno mawili na kurudia ombi langu.

Je, kazi ipi basi ihesabiwe? Hapa Zanzibar tunao mfano ulio karibu, ingawa si wa programu hasa bali wa ramani. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za ramani, na vijana wetu wakajifunza kuchora nyumba na njia kutokana na picha hizo. Wengi walikuja kuijua OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo taasisi yake inaongozwa na bodi inayochaguliwa na wanachama. Ada ya mwanachama ni pauni 15 za Uingereza kwa mwaka. Kwa mtu wa London ni kitu kidogo. Kwa kijana wa Konde, hapa Pemba, ni fedha nyingi, na hata akiwa nazo hana njia rahisi ya kuzituma. Taasisi ikaliona hilo, ikawasamehe ada watu wa nchi ambako kulipa ni shida, kisha ikafungua mlango mwingine: aliyechora ramani siku 42 katika mwaka mmoja anaweza kuomba uanachama bila ya ada. Hawakuufungua mlango kwa upofu, kwani mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa bodi, wafanyakazi wapatao mia moja wa kampuni moja walijiandikisha kwa mpigo, na ikabidi uchunguzi ufanyike. Siku 42 za kazi ni vigumu kuzighushi kwa mpigo. Ninaipenda kanuni hii kwa sababu haimuulizi mtu kama anajua kuandika msimbo wala kama ana fedha. Inamuuliza kama amefanya kazi.

Pendekezo langu katika ile barua ya pili lilitokana na hilo: kwamba mfasiri aliyefanya kazi kwa kipindi kinachojulikana apewe taarifa na kura katika maamuzi yanayohusu lugha. Wamelipokea, wanalijadili, na safari hii mmoja wetu yumo ndani akisoma kila kinachoandikwa. Kanuni ya robo tatu ingalipo, nasi hatujaifikia. Kwa sasa faili la tafsiri yetu nimeliweka kwa mkono katika zile kompyuta nne.

Wakati tukiijaza tafsiri nilitambua jambo lililonikosesha raha. Sisi wafasiri nasi tulikuwa wasimamizi, na hatukuwahi kumuuliza mtu. Tulibishana wenyewe kwa wenyewe kama iwe kompyuta au tarakilishi, kila mmoja na kamusi yake, tukapitisha "lahajedwali" kwa jedwali la hesabu, tukapitisha "hifadhi", tukapitisha "tendua". Mtu wa Pemba hapaswi kulisahau jambo la namna hii. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wasemaji wa lahaja nyingine, Kipemba ikiwamo, walikuja kuyakuta maamuzi yakiwa tayari vitabuni.

Basi maji mafu yaliyofuata nilikunja somo. Tulikaa kwenye mkeka, nikayasoma maneno moja moja na kuuliza wao wanasemaje. "Lahajedwali" hawakulitaka kabisa. Hilo ni daftari, walisema, na mikono yote ikanyanyuka. Kwenye "hifadhi" waligawanyika, wengine wakitaka "weka", tukaliacha kama lilivyo. Nilipofika kwenye "tendua", neno la kurudisha nyuma ulichokosea kukifanya, nilikuwa nimeshaandika "rudisha" pembeni, kwa hakika kwamba watalikataa. Nikawaambia kwamba hili ni neno la vitabuni na kwamba tutalibadilisha. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kawaida hasemi darasani na kompyuta huigusa kwa kidole kimoja, akaushika ukingo wa mkeka tuliokalia.

"Huu tumeutandika," akasema, "na tukiondoka tutautandua. Sasa hilo la kutenda na kutendua, Maalim, nani kakwambia hatulijui?"

Katibu akacheka, akanyanyuka kwenda kwenye mashine, akazitafuta kilo alizoziandika mara mbili asubuhi ile, akabonyeza Tendua.